Kuku Kumi na Mmoja wa Bi Esha

Amu, Jumamosi, baada ya Alasiri

Mwanangu Swabra,

Assalaam alaykum. Najua utacheka. Mimi niko darini, wewe uko chini na mamako mnagombana na zipu ya begi, na bado nakuandikia barua kana kwamba umeshafika ng'ambo. Cheka tu. Wiki hii nimejaribu mara tatu kukwambia kwa mdomo, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, wala za kuswali kwa wakati, wala za kutotembea na simu mkononi mjini. Hayo mamako amekwambia mpaka na mimi nimeyahifadhi. Nataka kukwambia habari ya Karani, jogoo wako. Na habari ya Bi Esha, kwa sababu kesho boti ikifika Mokowe atakuwa gatini anakungoja, na sitaki umkumbatie bila ya kujua nilimfanyia nini.

Nianze na yule jogoo mwekundu wa wiki hii, maana ndiye aliyenifikisha hapa. Jumapili alikuwa akiwafukuza majike uani. Jumatatu alfajiri hakuwika. Ukamkuta kwenye kona karibu na birika, manyoya yamemsimama, mbawa zimelegea, anafungua mdomo na kunyoosha shingo kama mtu anayetaka kusema neno akalisahau. Mamako akasema, "Kideri hicho, kitafagia kuku wa mtaa mzima." Mimi nilikuwa na sindano ya kushonea kofia mkononi, ikanidondoka. Wewe uliinama pale kwenye kona. Ulimpakata, ukatazama kinyesi chake kama ni cha kijani, ukamgeuza shingo kuona kama inapinda, ukawatazama na wenzake mmoja mmoja. Halafu ukatia vidole chini ya shingo, kwenye gole, kile kifuko anachowekea chakula kabla hakijashuka tumboni, ukapapasa.

"Hayala tangu yana," ukasema, "na hapa pamejaa, pagumu kama ndimu. Baba, ndoo uguse."

Sikuja kumgusa. Nilisema nina kofia ya mtu, naye anaitaka leo. Hakuna mtu aliyekuwa akiitaka kofia siku ile.

Siku tatu ulimtenga peke yake kwenye tenga, bila chakula. Ulimtia mafuta ya nazi yenye vuguvugu, tone kwa tone, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, umemshika wima asije akapaliwa, kisha ukamkanda lile donge kwa vidole viwili, taratibu, asubuhi, adhuhuri na jioni. Mamako alipotaka umbinue kichwa chini atapike, ulimkataza kwa sauti ambayo sijawahi kukusikia nayo. Siku ya pili donge likalainika. Siku ya tatu akapata choo, na humo zikatoka nyuzi za makumbi na nyasi kavu, ukampa papai bivu akalidonoa. Alhamisi alfajiri akawika. Nyinyi mlicheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Mimi niliingia chooni, nikafungua mfereji, nikalia.

Ulipokuwa ukinawa mikono ukaniambia, "Baba, laiti Karani angekuwa na hili tu. Lakini yule ilikuwa kideri, hakuwa na bahati."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Nikawa nimekudanganya tena, kwa maneno mawili.

Karani hakuwa na kideri, Swabra.

Sijui unakumbuka kiasi gani. Ulikuwa na miaka minane. Jogoo wa kuchi, miguu mirefu, shingo imesimama, aliletwa na mjombako kutoka Pate akiwa kifaranga ndani ya kofia yangu mwenyewe. Wewe ndiye uliyempa jina, kwa kuwa kila asubuhi alizunguka ua mzima akikagua kila kitu, na asipopendezwa alisimama mbele ya mlango wa jikoni akilalamika. Alilala chini ya kitanda chako mara mbili kabla mamako hajagundua. Nilimpenda na mimi, ingawa nilijifanya namwonea kero.

Siku ile nilikuwa barazani namalizia kofia ya bwana harusi, nimechelewa, na nikichelewa unanijua, hata salamu huitikia nusu. Ukaja umembeba. Kichwa kimelala kwenye mkono wako, upanga wake wa kichwani umeingia zambarau. Nilimtazama mara mbili, labda tatu, kutoka pale nilipokaa. Kuku wa Shela walikuwa wakifa wiki hiyo, kila aliyetoka huko alikuwa na habari zao. Nikasema, "Kideri." Sikumgusa. Sikuweka hata sindano chini.

Ukaniuliza, "Hatumpi dawa?" Nikakujibu kwamba kideri hakina dawa. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo kweli pekee nililosema siku nzima.

Unajua mtaani kwetu wanawake wengi hawachinji wenyewe. Humpelekea mwanamume wanayemwamini, na mwanamume huyo kwa miaka mingi nimekuwa mimi. Wanasema mkono wa mshona kofia ni mwepesi. Nilijivunia, kwa nini nikufiche? Na kuku akionekana anakwenda, sisi mbio yetu ni moja: awahiwe na kisu na bismillahi kabla roho haijatoka, la sivyo atakufa kibudu, awe wa kutupwa. Nimelelewa hivyo, na sisemi ni vibaya. Lakini mtu akizoea kuwahi, macho yake hutafuta dalili za kufa tu, hayatafuti nyingine. Wapo kuku niliowachinja ambao mpaka leo sijui kama wangeamka kesho yake wakawika.

Nikakwambia nenda kwa bibi yako. Hukwenda. Ulisimama nyuma ya mlango wa ukumbi, nikaviona vidole vyako kwenye ubao. Nilimchinja hivyo hivyo.

Kabla ya kumnyonyoa, akapita mtu njiani akauliza mbona mtoto analia. Nikamwambia, "Kideri kimeingia kwetu." Mpita njia mmoja tu, na Amu hakuhitajiki wa pili.

Kisha nikampasua. Maini yalikuwa mekundu, safi. Utumbo safi. Nikafika kwenye gole, nikatia kisu, na kikakwama. Ndani mlikuwa na donge la uzi, jeupe na kahawia, limefungamana na vipande vya mahamri, kubwa kuliko kidole gumba changu na cha mamako vikiwekwa pamoja. Uzi mweupe na kahawia ulikuwa wa kofia ya bwana harusi. Uzi wangu. Kila siku mamako alikuwa akinigombeza nizoe vipande vya uzi pale barazani, na kila siku nilimjibu kwamba upepo utavizoa. Nilikuwa nikila mahamri kwa mkono ule ule ninaoshonea. Uzi ukanuka nazi na iliki, Karani akaona ni chakula.

Nilikaa pale nimechuchumaa, nimelishika. Ninakumbuka niliwaza, nitamwambiaje Swabra. Nilikuwa bado naliwaza hilo nikasikia hodi.

Alikuwa Bi Esha. Wewe unamkumbuka kama jirani aliyekusuka nywele. Mimi nataka umkumbuke na kwa hili: alikuwa mjane, mtoto wake mmoja yuko Mokowe, na mayai ya kuku wake ndiyo yaliyokuwa yakimlipia chumba. Alipeleka kwa wapika mahamri, alipeleka kwenye nyumba za wageni, mpaka Shela alikuwa akitembea ufukweni na kikapu kichwani. Siku ile alikuja na kuku wawili kwapani na wengine kwenye tenga, amefuatana na mtoto wa jirani ili wasimtoroke.

"Nisikiye kwako mna kideri, Bwana Swaleh," akasema. "Nitindie hawa kabla hawayanifia kibudu."

Niliwatazama. Macho yao yalikuwa yanang'aa. Mmoja alikuwa akidonoa kidole cha Bi Esha. Donge la uzi lilikuwa ndani ya ngumi yangu ya kushoto, bado lina joto.

Nikasema, "Ngoja kwanza, Bi Esha. Huenda wakapona."

"Wapone kwani ni wana wa mfalme? Wewe umemtinda wako na mwanao akilia. Tinda, usinionee huruma. Kesho sitapata hata wa kula."

Hapo, Swabra. Hapo ndipo ninaporudi kila siku. Neno lilikuwa fupi: ni uzi, si kideri, rudisha kuku wako nyumbani. Ngumi ilikuwa inahitaji kufunguka tu. Nimejitafutia sababu kwa miaka kumi na moja. Nimejiambia kwamba kideri kingevuka kutoka Shela vyovyote vile. Nimejiambia kwamba nilichanganyikiwa. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Wewe ulikuwa nyuma ya mlango, ningesema ungesikia kwamba jogoo wako amekufa kwa takataka zangu, na kwamba babako alimkata bila hata kumpapasa kwanza. Mamako angesema alichokuwa na haki ya kukisema. Na Bi Esha mwenyewe, aliyeuamini mkono wangu, angeniona mjinga. Natamani ningekuwa na sababu kubwa kuliko hiyo nikupe. Sina.

Nikalitia donge mfukoni mwa shati, nikanoa kisu.

Walikuwa kumi na mmoja. Wa kwanza nilimtazama macho kabla ya kumkata. Wa tano sikumtazama tena, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo kuliko yote. Bi Esha alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, ananyonyoa na kuniambia majina yao. Alipompasua yule wa madoa akakuta yai limeshatimia, na ganda lake. Akalipangusa kwa pindo la leso akanipa. "Mpe Swabra," akasema, "amepotewa na jogoo wake." Asubuhi mamako alikukaangia. Ulilila lote ukapangusa sahani kwa mkate, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yako.

Donge nililitupa chooni siku ile ile, kabla ya Isha.

Kideri hakikuja, mwanangu. Siku moja, wiki, mwezi. Kuku wa majirani wengine waliokataa kuchinja walibaki wazima, wakataga, wakaatamia. Na unajua watu walisema nini? Walisema mtaa umesalimika kwa sababu Bwana Swaleh aliwahi. Walinipa mkono msikitini. Nikaupokea.

Bi Esha alijaribu kuanza upya na vifaranga vitatu, kunguru wakamchukulia wawili. Ukuta wa ua wake na wetu ni mmoja, unajua, na kabla ya siku ile nilikuwa nikiamshwa na kuku wake kabla ya adhana. Baada yake pakawa kimya. Nilikuwa naamka saa ile ile nasikiliza ukuta. Sidhani kuna kelele iliyowahi kuniamsha kama kimya kile. Alipoondoka kwenda Mokowe kwa mwanawe nilimbebea godoro mpaka kwenye boti, na yeye ndiye aliyenishukuru. Sasa anakaa na mwanawe na mkwewe, kwenye nyumba ambayo hana hata kona ya kufugia kifaranga mmoja. Kila Idi anapiga simu kututakia heri, na kila Idi lazima aseme, "Bwana Swaleh, ulininusuru nisile kibudu." Mamako huweka simu kwa sauti ya juu ili sote tusikie. Umewahi kuniuliza kwa nini Idi huwa naondoka mezani.

Na umewahi kuniuliza, wewe na mamako mkinicheka, kwa nini kila alfajiri kabla ya kuwatupia kuku mtama nawashika magole mmoja mmoja. Mkaniita daktari wa magole. Gole la asubuhi linatakiwa liwe tupu, nilikufundisha, likiwa limejaa kuna jambo. Ulidhani ni ustadi. Ilikuwa hofu tu. Lakini Jumatatu nilipokuona umetia vidole vyako pale pale, kwa utulivu, bila ya kusema neno kwanza, niliona kwamba hofu yangu imefika kwako ikiwa kitu kingine, kitu kizuri, na sikujua nifurahi au nikimbie.

Kuna jambo moja zaidi, nalo nitakwambia ingawa halinisaidii. Miaka michache iliyopita alikuja afisa wa mifugo kuchanja kuku wa mtaa, nikamuuliza kijuujuu, kama naulizia ya mtu mwingine, donge gumu la namna hiyo linatolewaje. Akasema mafuta na kukanda likikubali. Likikataa, mtaalamu hupasua ngozi kidogo, hulitoa, hulisafisha, hulishona gole, kisha huishona ngozi. "Kazi ndogo," akasema, "inataka mkono mwepesi na sindano." Nilimpa chai nikaingia ndani. Swabra, nina sindano za kila namna. Nashona tundu dogo kuliko punje ya mtama, watu wanatoka Mombasa kuja kuniagiza. Sisemi ningeweza. Nasema sikuuliza.

Jana kwenye kisomo cha safari yako nilikuwa nimekaa dakani, pale mlangoni, nikawasikia wanawake wakikuuliza mbona umechagua kusomea wanyama, mbona si ualimu. Ukawajibu, "Kwa sababu ya jogoo wangu. Alipatwa na kideri, babangu hakuwa na la kumfanyia." Wakasema mashallah. Mamako akalia. Na mimi nikaona kwamba uongo wangu umekuwa msingi wa nyumba yako, na wewe kesho unakwenda kuanza kujenga juu yake.

Sijui utafanya nini na haya. Huenda ukasema basi, siendi. Nakuomba uende, lakini si kwa ajili ya Karani niliyekutengenezea. Nenda kwa ajili ya yule mwekundu wa wiki hii, aliye mzima kwa mikono yako. Huyo ni wa kweli, nilimwona kwa macho yangu.

Na ukifika huko, na baadaye ukipewa kazi, utaitwa na watu kama Bi Esha. Utasimama mlangoni, watakutazama mdomo, na neno lako la kwanza litawafanya wakimbilie kisu au wasikimbilie. Mimi nilitoa neno kabla ya kugusa, na lile lilikuwa kosa, na kosa naweza kuishi nalo. Utakosea na wewe, siku moja utachinjisha asiyestahili, hakuna anayefanya kazi hiyo akaepuka. Ninachoogopa kwako ni ile saa inayofuata, ukishapasua ukaona, na mtu yuko mlangoni na tenga lake, na wewe peke yako ndiye unayejua. Sina maneno ya kukufundisha namna ya kuipita saa hiyo. Sikuipita. Ninachoweza ni kukwambia jinsi inavyokuwa usipoipita: bado niko ndani yake.

Mamako hajui. Nitamwambia kesho nikirudi. Amekwishaona nimevaa uso wa msiba, anadhani ni kwa sababu unaondoka, na hilo pia ni kweli. Nimemwambia nitavuka nawe mpaka Mokowe nikubebee begi. Bi Esha amepiga simu adhuhuri, amekununulia leso, anataka kukufunga mwenyewe kiunoni kabla hujapanda basi. Sauti yake ilikuwa na furaha. Nilikaribia kumwambia pale pale kwenye simu, nikaona si haki, mtu huyu aambiwe ana kwa ana.

Nilikuwa nimepanga kukutilia barua hii begini uisome njiani, basi likishafika mbali. Halafu nikajua kwa nini nimepanga hivyo. Kwa hiyo nitakupa sasa hivi, kabla ya Maghrib, mkononi, na utakuwa nayo usiku mzima ndani ya nyumba hii nami nikiwemo. Nikasirikie. Usinisemeshe kwenye boti ukitaka, kaa mbele na mimi nitakaa nyuma na begi lako.

Lakini tukishuka gatini, mwanangu, simama karibu nami. Nitampa salamu. Nitamuuliza goti lake, nitamuuliza wajukuu, nitauliza bei ya mchele Mokowe, na utaniona ninavyoanza kutoroka. Unitazame hapo, usiangalie pembeni. Nikishindwa kufungua mdomo, mwambie wewe, mbele yangu, jina langu ulitaje, wala usinipunguzie hata kuku mmoja.

Babako,
Swaleh